SPANA YA TORKI: MKONO SI KIPIMO

Katika ukurasa huu tuziweke kando ngeli na methali kidogo tuingie gereji. Hapa Mwakirunge, na hata Utange, Kiembeni na Kisauni, vijana wengi wakimaliza Kidato cha Nne hutafuta kazi ya ufundi wa magari. Kwa hivyo somo hili ni letu. Injini ya matatu ikifa kwa bolti iliyokazwa vibaya, si tajiri peke yake anayeumia. Dereva na utingo hawana kazi, na fundi naye jina limeharibika.

1. Torki ni nini?

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Tunaijua kutoka somo la Fizikia: kani zidisha kwa urefu wa mkono wa spana, jibu ni nyutoni-mita. Tuseme fundi anavuta kwa kani ya nyutoni 160. Kwa spana ya robo mita atapata nyutoni-mita 40. Kwa spana ya nusu mita atapata 80. Akichomeka bomba mpaka urefu ufike mita moja, atapata 160. Mtu ni yule yule na jasho ni lile lile, lakini bolti imekazwa mara nne ya ile ya kwanza! Basi fundi anayesema ati mkono wake ndio kipimo anajidanganya, hata awe na miaka ishirini kazini.

Spana ya torki ni ile inayoonyesha kiasi hicho. Anayetajwa kuivumbua ni Conrad Bahr wa idara ya maji ya jiji la New York, Marekani, mwaka wa 1918, ili bolti za mabomba zisikazwe kupita kiasi.

2. Kwa nini bolti za hedi?

Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, kama springi. Ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana hedi na bloku, gasketi ikiwa katikati. Bolti zikilegea, gasketi huungua, maji huingia kwenye oili na gari huchemka njiani. Zikizidi kukazwa, hukatika au meno huliwa. Zikitofautiana, hedi hupinda, hasa ya alumini, kwani alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku.

3. Kuchagua

(a) Ya mshale: ni rahisi na haiharibiki upesi, ila lazima uisome ukiwa umeinama sawasawa mbele yake.
(b) Ya mlio: unaweka namba, unavuta, ikifika inalia "ka!" Inafaa pale ambapo macho hayafiki.
(c) Ya dijitali: husomeka vizuri lakini inataka betri.

Angalia pia kiwango. Plagi za Toyota nyingi ndogo hutaka kama nyutoni-mita 18, nati za magurudumu kama 103. Spana ya mlio inayofika 200 usiitumie chini ya 40, itakudanganya. Kwa hivyo spana moja haitoshi kazi zote.

4. Kutumia

Kwanza tafuta namba katika kitabu cha injini ile ile, usikisie. Safisha bolti na matundu yake; oili au maji yakibaki ndani ya tundu lisilo na mwanya yanaweza kupasua bloku. Anza na bolti za katikati ukienda nje, tena kwa awamu, sio kumaliza moja moja. Shika mpini mahali pake, vuta polepole, na ikilia acha. Usiongeze "kidogo tu". Bolti za injini nyingi za siku hizi hukazwa kwa torki kisha kwa nyuzi za pembe, na baadhi yake hazirudiwi.

Usifungulie bolti kwa spana hii. Ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini kabisa, uitie katika kasha lake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kimetaja kuikagua baada ya kila mivuto 5000 au miezi 12. Ikianguka vibaya, ipimwe kabla ya kutumika tena.

5. Gharama je?

Utasikia, "Hiyo ni ya gereji kubwa za mjini." Lakini mafundi wa jua kali huchangiana arusi na matanga. Watano wakichangiana spana moja, wakaiweka kwa mtu mwaminifu, itawahudumia wote. Nawe mwenzangu utakayeingia gereji, usione haya kumwuliza fundi wako kwa adabu: "Mzee, hii inakazwa namba ngapi?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.