Zile Kilo Tatu Zinazogoma Kutoka

Somo letu la leo linahusu jambo linalozungumzwa sana mabwenini, hasa mahafali yanapokaribia: kupunguza mwili.

Leo hatumzungumzii mtu ambaye uzito wake umeshaanza kumletea maradhi. Huyo anahitaji ushauri wake. Tunamzungumzia yule mwenye mwili wa kawaida tu, lakini anataka kilo mbili au tatu zitoke, nazo zimegoma. Ameacha chakula cha mchana. Amekunywa maji ya ndimu. Amekimbia uwanjani mpaka pumzi zimekata. Jumatano mizani inashuka, Jumapili imerudi palepale.

Kwa nini? Na je, kweli kilo hizo zinatakiwa kutoka?

TUPIGE HESABU KWANZA

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Urefu wake ni mita 1.58, uzito wake kilo 57. Anataka kufika kilo 54, kwa sababu rafiki yake ana kilo 54, na kwa sababu kuna mtu alimwita "kibonge" kwenye foleni ya chakula.

Wahudumu wa afya hutumia kipimo kinachoitwa BMI. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu. Basi 1.58 mara 1.58 ni kama 2.5. Ukigawa 57 kwa 2.5 unapata 22.8. Akipungua hadi kilo 54 atapata 21.6.

Kwa kijana, jibu hilo halisomwi kama la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa jedwali lake mwaka 2007 kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Kwa binti wa miaka 16, uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi pale kipimo kinapopita 24 hivi. Binti wetu ana 22.8. Ana uzito wa kawaida leo, na akipungua kilo tatu bado atakuwa na uzito wa kawaida. Kiafya hajapata faida yoyote. Amepata njaa tu.

MIZANI INAPIMA NINI?

Vijana wengi hudhani mizani inapima mafuta. Si kweli. Mizani inapima kila kitu: mifupa, misuli, damu, maji, chakula kilicho tumboni, hata sare uliyovaa. Zaidi ya nusu ya uzito wako ni maji. Ukinywa lita moja ya maji sasa hivi, umeongezeka kilo moja, na hakuna hata tone la mafuta lililoongezeka. Ukila chakula chenye chumvi nyingi, mwili unashika maji. Wasichana wengi huongezeka kilo moja au hata mbili siku chache kabla ya hedhi, halafu zinaondoka zenyewe.

Kuna jambo jingine. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Mtu mzima anaweza kuwa na akiba ya gramu 500. Ukijumlisha na maji yake, hiyo ni kama kilo 2.

Sasa umeona? Ukishinda na njaa siku mbili tatu, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka, unafurahi. Ukila ugali wako vizuri, akiba inarudi na maji yake. Wewe unasema, "Jamani, nimenenepa tena!" Kumbe hukuwa umepunguza mafuta, wala hukuyarudisha.

KWA NINI MWILI UNAGOMA?

Mwili haujui kwamba kuna mahafali. Ukiunyima chakula, unadhani kuna baa la njaa, na unaanza kubana matumizi.

Jambo hili lilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Vijana wa kiume 36, wenye afya nzuri, walijitolea kula karibu nusu ya chakula walichozoea kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama yaliyowapata. Miili yao ilipunguza sana nguvu iliyokuwa ikitumia. Walisikia baridi hata wakati wa joto, wakawa wanyonge na wenye hasira, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliporuhusiwa kula tena, uzito ulirudi, na mafuta yalirudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Hao walikuwa watu wazima walioacha kukua. Wewe bado unakua! Karibu nusu ya uzito wa mtu mzima huongezeka katika miaka ya ujana. Mifupa inakomaa, misuli inajengwa, na kwa msichana nyonga, mapaja na matiti huongezeka mafuta kidogo. Hiyo ni sehemu ya kubalehe, kama vile mvulana anavyopanuka mabega. Huenda kilo tatu unazopigana nazo ndizo zile ambazo mwili umepanga uwe nazo.

JIHADHARI NA NJIA ZA MKATO

*Maji ya ndimu.* Hayayeyushi mafuta. Ni kinywaji tu.

*Kujifunga nailoni tumboni au kukimbia na sweta juani.* Unachotoa ni jasho, na jasho ni maji. Unaweza kuzimia.

*Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya kuharisha.* Vinatoa maji na madini, mafuta yanabaki. Ukiishiwa na madini ya potasiamu, moyo unaweza kupiga vibaya.

*Vidonge vya kukondesha.* Mwaka 2010 dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, kwa sababu ilionekana kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo, wakaguzi wamekuwa wakiikuta imefichwa ndani ya vidonge na kahawa zinazouzwa eti ni mitishamba mitupu.

*Kuruka milo.* Msichana anayepata hedhi anahitaji chakula chenye madini ya chuma, la sivyo atapungukiwa na damu. Halafu atasinzia darasani na kudhani hesabu ndizo ngumu.

SASA NIFANYE NINI?

Kula milo yako yote. Kwenye sahani kuwe na ugali au wali, maharage au dagaa, na mboga za majani. Tunda likipatikana, kula.

Tazama vitu vya katikati. Soda moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vya chai 8. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongeza isizidi vijiko 6 hivi kwa siku. Basi soda iwe ya siku moja moja, na kiu ya kila siku ikatwe kwa maji safi. Hali kadhalika chipsi na mandazi: hujakatazwa, lakini visichukue nafasi ya chakula.

Chezesha mwili dakika 60 kwa siku. Netiboli, mpira, rede, kuruka kamba, kutembea kwenda shule, kuchota maji, vyote vinahesabika. Fanya hivyo ili uwe na nguvu, usijiadhibu.

Lala vya kutosha. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10, na asiyelala vizuri husikia njaa zaidi.

Acha kupanda mizani kila siku. Kama unataka kujua hali yako, nenda zahanati upimwe uzito na urefu pamoja, usomewe kwenye jedwali la umri wako. Ukiambiwa uzito umezidi, usikate tamaa. Kwa kijana anayekua, mara nyingi inatosha uzito usiendelee kupanda huku urefu ukiongezeka. Panga hilo pamoja na mhudumu.

LINI UTAFUTE MSAADA?

Zungumza na matroni, mwalimu wa malezi, mzazi, shangazi au mhudumu wa afya iwapo wewe au rafiki yako:
– mnajitapisha baada ya kula;
– mnasikia kizunguzungu au mnazimia;
– hedhi imekoma miezi mitatu na hakuna ujauzito;
– mnawaza chakula na uzito kutwa nzima;
– mnapungua bila kujaribu, hasa mkiwa na kikohozi au homa.

Rafiki anayesukuma sahani yake kila siku hajaringa. Huenda anaumia. Mketi naye.

Na wewe unayewaita wenzako "kibonge" au "kimbaumbau" kwenye foleni, fahamu kwamba neno lako la sekunde moja linaweza kumfanya mtu ashinde na njaa muhula mzima.

JADILINI DARASANI

1. Binti ana uzito wa kilo 50 asubuhi na kilo 51 jioni. Je, amenenepa? Elezeni.
2. Kwa nini uzito wa rafiki yako hauwezi kuwa kipimo chako?
3. Tajeni matangazo ya kupunguza mwili mliyoyaona. Yanaahidi nini, na nani anapata fedha?
4. Shule yenu inaweza kufanya nini ili wanafunzi wasitaniane kwa maumbile yao?