Baridi kwa Kipimo
Ningepewa kufundisha somo la kontena la baridi, ningeanza na parachichi. Likitoka Mombasa kwenda Ulaya linasafiri kwenye nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Baridi ikizidi, nyama yake inakuwa nyeusi. Ikipungua, linaivia njiani. Kote ni hasara, na mkulima hakosi kuumia.

Sasa, mashine ile ile hubeba samaki waliogandishwa, kwa hiyo nguvu yake kwa parachichi ni nyingi mno. Tukiiwasha na kuizima kama friji ya nyumbani, joto la hewa litapanda na kushuka. Samaki aliyeganda atavumilia, tunda halivumilii.

Dawa ni kuacha kompresa ifanye kazi huku nguvu yake ikipunguzwa. Kuna vali inayobana gesi inayorudi kwenye kompresa: ni rahisi, ila umeme unapotea. Kuna kompresa ambayo sahani zake huachana kwa sekunde chache, ikazunguka bila kusukuma gesi. Halafu kuna inveta, inayopunguza kasi ya mota yenyewe.

Na kipimajoto cha kufuata? Kwa matunda ni kile cha hewa inayoingia kwenye mzigo, maana tunda lililo karibu nayo ndilo huungua na baridi kwanza.