Ghadhabu, Mwili na Hukumu: Somo kwa Wasomao Elimu ya Nafsi

Tumeulizwa na vijana wasomao katika vyuo vikuu, na khasa walioko Alupe, katika njia itokayo Busia kwenda Malaba, kama yafaa kwa Mwislamu kusoma wayasemayo wataalamu wa saikolojia juu ya mihemko ya nafsi, yaani ghadhabu, khofu, huzuni na furaha. Chuo hicho kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Wako wazee wanaowakataza watoto wao elimu hii kwa kusema kuwa yamfanya mwanadamu kuwa mnyama asiye na roho. Sisi twaona katazo hilo halina dalili, na tutalieleza jambo lenyewe kwa mas'ala moja, kwani elimu isiyo na mfano ni nzito kuchukuliwa.

Wasomaji wetu wa Mombasa wajua ya kwamba shehena ziendazo Uganda hutoka Kilindini, zikapita Nairobi, zikavuka mpaka ama Malaba ama Busia. Na wengi wa waendeshao malori hayo ni waume zetu, ndugu zetu na watoto wetu. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa maradhi ya korona kabla ya kuingia Uganda, foleni za malori zilikuwa za makumi ya kilomita, na watu wakalala siku nyingi ndani ya magari yao. Siku hizi hali ni nyepesi kuliko hapo, lakini foleni haijasahau njia ya Malaba. Basi tuchukulie dereva aliyekaa hapo siku mbili. Halali usingizi, akikhofia mzigo kuibwa. Atafuna miraa ili macho yasifumbe. Chakula chake ni chai na mandazi. Usiku wa manane mkewe ampigia simu kutoka Mombasa, amwambia mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Neno lapanda juu ya neno, na yule mume atamka talaka. Alfajiri aja msikitini, macho mekundu, asema: "Sheikh, si mimi niliyesema, ni ghadhabu." Je, maneno hayo yana uzito gani?

Hapa ndipo elimu ya nafsi inapoingia. Mwaka 1884 William James wa Marekani, na mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark, kila mmoja kwa njia yake, waligeuza yale ambayo watu wote huyadhani. Sisi hudhani kuwa mtu hughadhibika kwanza, kisha moyo wake ukaenda mbio na mikono ikatetemeka. Wao walisema mwili ndio unaotangulia: moyo huenda mbio, damu hupanda, na nafsi ikiuhisi mwili katika hali hiyo, kuhisi huko ndiko tunakokuita ghadhabu au khofu. Walter Cannon, Mmarekani pia, aliwapinga mwaka 1927. Alionyesha kuwa paka waliokatwa mishipa ya fahamu iunganishayo matumbo na ubongo waliendelea kuonyesha ghadhabu. Tena akauliza: moyo huenda mbio katika khofu, na katika ghadhabu, na hata katika homa; mtu atajuaje kwa moyo peke yake ni lipi lililompata? Swali hili ni zuri, na mwanafunzi asilipite upesi.

Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu kulijibu. Waliwadunga wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota dawa ya adrenalini, ambayo huupigisha moyo na kuitetemesha mikono, huku wakiwaambia kuwa ni vitamini ya kujaribu nguvu za macho. Wengine waliambiwa kweli jinsi miili yao itakavyokuwa, wengine hawakuambiwa. Kisha kila mmoja akakaa na mtu aliyepangwa kujifanya mwenye furaha au mwenye hasira. Wakasema wawili hao kuwa asiyejua kwa nini moyo wake wamwenda mbio hutafuta sababu palipo karibu naye, na akiiona hasira kwa mwenziwe huichukua ikawa yake. Waliolirudia jaribio hilo na wakaandika mwaka 1979 hawakupata matokeo yaleyale, na mwanafunzi mwaminifu hana budi kulitaja hilo katika mtihani wake. Lakini fikra yenyewe yatufaa tukiitazama foleni ya Malaba. Miraa ina kitu kiitwacho kathinoni, nacho huongeza mapigo ya moyo na kupandisha damu. Dereva wetu moyo wake ulikuwa mbio kabla simu haijalia. Huenda aliyemdhania mkewe kuwa amemghadhibisha, asilimia kubwa ya kosa lake lilikuwa ndani ya kifurushi cha majani.

Wa mwisho tutakayemtaja ni Richard Lazarus, ambaye tangu miaka ya 1960 alishikilia kuwa hakuna mhemko bila ya kukadiria. Mtu hulipima lililomfika: lanidhuru au lanifaa? Nimedharauliwa au nimekumbushwa? Yule mke alitaja kodi. Mume alisikia dharau. Baina ya sikio na ulimi kulikuwa na hukumu, japo ilipita upesi kama umeme.

Maulamaa wetu hawakuwa mbali na mlango huu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi kila kimoja na tiba yake. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliieleza ghadhabu kuwa ni kuchemka kwa damu ya moyo kwa kutaka kulipiza, na akaigawa dawa yake mafungu mawili: elimu na amali. Elimu ni kuyasahihisha makadirio. Amali ni kuuendea mwili wenyewe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amemuamuru aliyeghadhibika hali amesimama akae, na isipomwondoka alale. Mwenye kumsoma Lazarus na James atazitambua sehemu hizo mbili. Hata hivyo twawaonya vijana wasikimbilie kusema kuwa Marekani imeithibitisha Hadithi. Nadharia za watu hujengwa na kubomolewa, kama mlivyoona kwa James na Cannon, na asiyetaka dini yake ibomoke nazo asiitundike juu yake.

Turudi kwa dereva. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, aliandika risala khasa juu ya talaka ya mwenye ghadhabu, akaifanya ghadhabu daraja tatu. Ya kwanza ni mwanzo wake, akili ikiwa timamu, na hapo talaka hupita bila ya khitilafu. Ya pili ni ya kufikia ukomo, hata mtu hajui asemalo, na hapo haipiti. Ya tatu ni ya katikati: ajua asemalo lakini imemshika hata hawezi kujizuia, na kesho hujuta. Katika hii pana khitilafu. Yeye alielekea kuwa haipiti, na maulamaa walio wengi, pamoja na wenzetu wa madhehebu ya Shafii, wasema hupita maadamu akili ipo. Yote yarudi kwenye swali moja: akili ilikuwepo? Na hapa nadharia ya kukadiria haimsaidii asemaye "si mimi." Ikiwa ghadhabu yenyewe imebeba hukumu ndani yake, basi aliyehukumu ni nani? Amkumbuka mkewe alisema nini, akumbuka naye alijibu nini, neno kwa neno. Huyo hakuwa mwendawazimu. Wala hatukanushi sehemu ya mwili, usingizi uliokosekana na majani yaliyotafunwa. Ila hayo aliyaingia kwa khiyari yake, na mwanamke aliyeko Mombasa na watoto, ambaye hakutenda ila kuuliza kodi, hana dhambi ndani yake.

Hatutoi fatwa ya mtu khasa katika karatasi hii. Aliyefikwa na aende kwa Kadhi, ambaye Katiba ya mwaka 2010 imempa kuhukumu baina ya Waislamu katika ndoa na talaka, aeleze yote bila ya kuficha, na miraa aitaje. Asiende kwa mganga wa kumwambia kuwa amepandwa na pepo, kisha akauziwa hirizi ya shilingi elfu kumi ili talaka ifutike. Na madereva wetu twawaomba: akilia mke kwenye simu nawe hujalala siku mbili, mwambie utampigia asubuhi, kisha uizime.

Nanyi mlioko Alupe, someni. Toleo lijalo, Inshaallah, tutaeleza khofu, na wasiwasi katika udhu na sala, ambao al-Balkhi ameutengea mlango wake.