Mbaazi: Kwanza Jikoni, Kisha Sokoni

Wahenga walisema: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii humkemea mtu atafutaye wa kumlaumu. Hata hivyo wataalamu waliouchunguza mti huu wameona kwamba lawama yake si ya bure: aina zichelewazo kukomaa hungojea siku zipungue urefu ndipo zichanue, na joto likizidi huchelewa zaidi. Twaona siku hizi mti wenyewe ndio unaosingiziwa.

Asili ya mbaazi ni India. Nchi hiyo ndiyo ilimayo na kula mbaazi nyingi kuliko zote, na huzipasua na kuzipika mchuzi mzito uitwao dali. Kutoka huko zilifika Afrika zamani sana. Leo hustawi Lindi, Mtwara na Manyara katika Tanzania, na Machakos, Kitui na Makueni katika Kenya.

Kwa kuwa Wahindi hula kuliko wavunavyo, hununua kwetu. Hapo pana neema, na pana hatari. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya India kuvuna kwa wingi, serikali yake iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo nje. Bei ikaanguka, na wakulima wengi wa Tanzania wakabaki na magunia yao. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa tena. Lakini ufunguo wa mlango huo u mkononi mwa mwingine, na mwenye busara hategemezi chakula cha wanawe juu yake.

Je, tuache kulima mbaazi? Hasha! Anayeupima mti huu kwa bei ya gunia peke yake haujui bado.

Kwanza, huulisha udongo. Katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Mizizi hiyo huzama chini sana, hata mti ukavumilia ukame unaoua mahindi. Tena hutoa asidi ifunguayo fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni. Majani yapukutikayo huoza na kurutubisha shamba.

Pili, hulisha nyumba. Punje kavu zina protini karibu sehemu moja katika tano za uzito wake, msaada mkubwa kwa watoto walao ugali bila nyama. Mbichi hutiwa katika mboga. Kavu huungwa kwa nazi, na watu wa pwani wajua zilivyo tamu pamoja na mahamri asubuhi. Vijiti huwa kuni, na majani hulishwa mbuzi na ng'ombe.

Kuzilima si kazi ngumu. Chagua shamba lisilotuama maji. Panda mvua zianzapo, mbegu mbili au tatu katika shimo, pamoja na mahindi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo haziyanyang'anyi mahindi nafasi; mahindi yakiisha kuvunwa, ndipo nazo hutanuka. Ila katika miezi miwili ya kwanza palilia kwa bidii, maana magugu huzishinda upesi.

Adui zake ni wengi. Ugonjwa wa mnyauko hutokana na kuvu wakaao udongoni: ng'oa miti iliyonyauka uichome, na msimu ufuatao panda mtama au mahindi mahali pale. Iko pia mbegu iitwayo Mali, ivumiliayo ugonjwa huo. Viwavi hutoboa maganda, basi kagua shamba tangu maua yatokapo. Baada ya kuvuna, kausha punje vizuri kabla ya kuziweka ghalani, ili wadudu wasizitoboe. Tena nyuki huchanganya chavua ya aina mbalimbali zikaribianapo. Basi mbegu ya mwakani ichukue katika miti iliyo mbali na aina nyingine.

Shauri letu kwa kila nyumba ni hili: kabla ya kuita mnunuzi, jaza debe la chakula na tenga mbegu. Kinachozidi ndicho kiende sokoni. Bei ikiwa njema, mtapata fedha. Ikiwa mbaya, mtakuwa mmekula, na shamba litakuwa limepata mbolea yake. Mkulima wa namna hiyo hana haja ya kulisingizia jua, wala India.