Kabla hujamtumia kocha dola zako

Haya wadogo zangu, leo tunaongea mbio. Kuna mdogo wangu wa Kabingo, msichana mkimbizi, anakimbia kila alfajiri kabla malori ya matoke hayajaanza kutimua vumbi. Marathoni ameshaimaliza. Sasa anataka ultramarathoni, yaani mbio zozote zinazozidi zile kilomita 42 na ushee za marathoni, na roho yake imeangukia Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg: karibu kilomita 90, na lazima uwe umefika ndani ya saa 12. Amepata kocha kwenye simu. Kocha anataka dola kila mwezi, naye msichana atakuwa akitumiwa ratiba kwa WhatsApp. Ananiuliza: Dada, nilipe?

Bado, mpenzi. Subiri kwanza.

Ratiba si siri ya mtu. Nyingi zinafanana: unaongeza kilomita kidogo kidogo, Jumamosi unakimbia mbali, Jumapili unakimbia tena miguu ikiwa haijapoa, mlima ukiwa mkali unatembea (hata mabingwa wa mbio hizi wanatembea, usione haya), na kila baada ya wiki tatu au nne unapunguza ili mwili upumue. Hayo nimekupa bure. Cha kulipia ni macho ya mtu: akuone unavyochechemea, akwambie leo hukimbii. Eliud Kipchoge alipokuwa kijana asiyejulikana alimfuata jirani yao, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akamwomba programu. Akaandikiwa ya wiki mbili. Ilipokwisha akarudi kuomba nyingine, na akaendelea kurudi. Huko kurudi ndiko kulikomjenga.

Sasa nije kwenye sahani, maana hapa ndipo makocha wengi wa mbali wanapotupoteza. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha na kilomita unazokimbia: utapata kwa kukadiria kalori ulizochoma. Msichana wa kilo 55 akikimbia kilomita 30 ametumia kalori 1,650 hivi. Mgao kamili wa chakula cha mkimbizi unapigiwa hesabu ya kalori 2,100 kwa siku, na mnaoishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale mnajua wenyewe huo mgao umekatwa mara ngapi. Hata ungekuwa kamili, zimebaki 450 za kubeba maji, kulima na kulala. Kocha aliyezoea watu wenye friji hataliona hilo mpaka aulize. Asipouliza unakula nini, hakufundishi wewe, anamfundisha mtu mwingine aliye kichwani mwake.

Tena niseme wazi, kwa kuwa sisi ni wasichana. Hedhi ikikata miezi mitatu na huna mimba, hiyo si dalili kwamba mazoezi yamekolea. Mwili una njaa, na mfupa wa muundi unaweza kupasuka. Nenda kliniki, punguza kilomita, ongeza posho na maharage. Kocha akikusifu kwa kukonda, mkimbie huyo kwa kasi yote uliyonayo. Na ile diklofenaki mnayomeza kabla ya mbio ndefu, iacheni: ukiishiwa maji nayo imo mwilini, figo ndizo zinazolipa. Njiani beba ndizi mbivu na chumvi kidogo, anza kula mapema kabla njaa haijauma.

Kocha atatoka wapi? Panda taksi uende Mbarara, ufike uwanja wa Kakyeka asubuhi, ukae pembeni utazame nani anafundisha na anawasemesha vipi wanafunzi wake. Uliza kama Shirikisho la Riadha la Uganda linamtambua. Uliza wasichana aliowahi kuwafundisha, tena uwaulize yeye hayupo. Mwone mara moja au mbili kwa mwezi, siku nyingine mtapigiana simu. Nauli hiyo ina faida kuliko dola za ratiba. Mazoezi yawe hadharani. Habari ya kufuata programu chumbani kwake hakuna. Pesa za zawadi ziingie kwenye simu yako, kwa jina lako. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei wetu, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, akafariki. Ilisemekana waligombea ardhi. Sikutishi, lakini mali ya mwanariadha wa kike ina wengi wanaoipigia mahesabu.

Kuhusu safari: mkimbizi bila hati ya kusafiria haendi Durban hata awe na miguu ya chuma, kwa hiyo uliza Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) mapema kabla hujalipia usajili wowote. Nafasi za wakimbizi kwenye mbio kubwa zipo kweli. Wakimbiaji watano wa timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio 2016 walitoka kambi ya Kakuma, Kenya, wakafundishwa na Tegla Loroupe kule Ngong. Walichaguliwa kwa kukimbia. Anayekuuzia nafasi ya timu hiyo ni tapeli, mwache na hadithi zake.

Kwa hiyo mwandikie huyo wa kwenye simu leo hii: "Kocha, nakula mara moja kwa siku, wiki hii nikimbie kilomita ngapi?" Akikurushia namba, dola zako zikae. Akikuuliza huo mlo mmoja ni nini, ni saa ngapi, na nani mwingine anaula, niandikie tena tuzungumze bei.