Mfereji, Lango na Ioni: Tatizo la Istilahi Moja

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Jericho na Umoja, neno 'mfereji' humaanisha bomba lenye koki: kitu cha kufunguliwa na kufungwa. Kwa wasemaji wengi wa Tanzania, neno lilo hilo huleta picha ya mtaro wa kupitishia maji, usio na cha kufungwa. Tofauti hii ina uzito pale mwalimu wa biolojia anapotafuta istilahi ya protini zinazopitisha ioni katika utando wa seli.

Protini hizo si mitaro. Mwaka wa 1998, Roderick MacKinnon na wenzake walichapisha umbo la mfereji wa potasiamu wa bakteria: vijenzi vinne vinavyozunguka tundu moja. Mifereji ya neva inayoongozwa na volteji ina tundu la namna hiyo, na zaidi. Neva ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa hasi kwa takriban milivolti 70. Kila kijenzi kina kipande kilichojisokota, chenye chaji chanya. Uhasi wa ndani hukivuta, na tundu likabanwa. Uhasi unapopungua, kipande husogea kuelekea nje, kikavuta kiungo kilichoshikana na kuta za tundu, nazo zikatanuka. Hapo ioni hupita, mamilioni kwa sekunde.

Mfereji wa sodiamu una jambo jingine. Baada ya milisekunde chache, kitanzi cha protini iyo hiyo hukatiza mkondo hata kabla uhasi haujarejea. Basi kuna kufungwa na kuna kuzibwa, na Kiswahili kinavitofautisha tayari: mkazi wa Umoja hachanganyi koki iliyofungwa na bomba lililozibwa na matope.

Mkazi huyo anajua pia kwamba siku ya mgao koki yaweza kuwa wazi na ndoo ikabaki kavu. Lango la protini nalo hutoa ruhusa tu. Msukumo hutokana na tofauti ya chaji na ya wingi wa ioni baina ya pande mbili za utando.

Kuiita protini nzima 'lango' ni kutaja sehemu badala ya kitu kizima. Afadhali 'mfereji' libaki, 'lango' litumike kwa sehemu inayobana, na maana ya Kenya ielezwe waziwazi katika vitabu vya kiada. La sivyo, mwanafunzi wa Dodoma atachora mtaro.