Bunduki Iliyopoteza Shabaha

Bunduki ya kuwindia iliyozeeka ikianza kukosa, mwenyewe hulaumu macho yake, au husema mtutu umekwisha. Asihukumu upesi. Nyati aliyejeruhiwa humngoja mwindaji kichakani. Basi kosa na litafutwe mapema, kabla ya kwenda porini.

Tutwae kwa mfano Lee-Enfield .303, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1895. Kwanza, hakikisha haina risasi ndani. Kisha kaza skurubu zishikazo chuma na mbao, na utazame kama vyuma vya kulengea havikulegea.

Pili, angalia mbao. Mbao iliyonyeshewa mvua hufura, na ikikauka hupinda. Ikiusukuma mtutu upande mmoja, risasi nazo hupotoka. Mara nyingi dalili yake ni kwamba kadiri mtutu upatavyo moto, ndivyo risasi zizidivyo kwenda kando.

Tatu, tazama ndani ya mtutu. Fataki za kale ziliacha chumvi ivutayo unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Ioshe kwa maji ya moto, kausha vema, ndipo upake mafuta. Mwisho, tazama mdomo wa mtutu: ufito wa kusafishia ukiusugua miaka mingi huula upande mmoja, na risasi hutoka ikiyumba. Hiyo ni kazi ya fundi.

Rekebisha jambo moja, kisha piga risasi tano za aina moja ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ndipo uendelee. Atengenezaye yote kwa pamoja hatajua kamwe lililomponza.